Nahodha, Rubani na Mwalimu: Wajibu wa Marubani Katika Kupotea kwa Ndege Angani

Neno rubani lilikuwamo katika Kiswahili miaka mingi kabla ya ndege ya kwanza kuonekana katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mkuu wa chombo. Katika Kiswahili neno hili lilishuka daraja kidogo, likawa jina la mtu ajuaye njia, yule anayesimama chomboni akakipitisha penye miamba na mafungu mpaka kikaingia bandarini salama. Mwenye kuamuru chomboni aliitwa nahodha, neno la Kiajemi lililoungwa kwa maneno mawili, la kwanza likiwa ni chombo na la pili ni bwana. Tena palikuwa na mtu wa tatu, ambaye katika vitabu vya ubaharia vya Kiarabu vya Bahari ya Hindi huitwa muallim, ndiye mpimaji wa nyota na mjuzi wa njia ya bahari kuu. Cheo hiki ndicho kilichonaswa na waandishi wa Kireno walipoandika habari za mtu aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mpaka Bara Hindi mwaka 1498. Walimwita Malemo Cana, kana kwamba ni jina lake, kumbe malemo ni huyo huyo muallim.

Ndege zilipokuja, katika maneno haya matatu Kiswahili kilichagua moja tu. Mwalimu alikwisha kwenda zake shuleni, na nahodha akabaki baharini, mpaka alipopata kazi ya pili ya kuongoza timu ya mpira. Rubani peke yake ndiye aliyepanda angani, na huko akatwishwa mizigo yote mitatu: kuamuru, kuongoza, na kujua njia. Huitwa rubani yule mwenye amri, na huitwa rubani pia, kwa kuongezewa neno msaidizi, yule akaaye kuliani kwake. Jambo hili si la msamiati tu. Katika ndege zenyewe, kati ya miaka ya 1950 na ya 1980, kazi ya mjuzi wa njia iliondolewa kwa mtu mmoja ikagawanywa kwa wote waliobaki, na mikasa mikubwa ya ndege za abiria zilizopotea zikaingia katika anga iliyokatazwa haieleweki vema pasipo kuutazama mgawanyo huo.

Msingi wa sheria ni Mkataba wa Chicago uliotiwa saini tarehe 7 Desemba, 1944. Kwa kifungu cha 1 kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya nchi yake, na kwa kifungu cha 9 dola yaweza kuzuia au kukataza ndege za wengine zisipite juu ya sehemu fulani kwa haja za kijeshi au kwa usalama wa watu. Kanuni za Anga, zilizomo katika Nyongeza ya 2 ya mkataba huo, zinamtaja mtu mmoja tu: rubani mwenye amri ndiye atakayejibu kwamba ndege imekwenda kwa mujibu wa kanuni, awe ameushika usukani yeye mwenyewe au ameushika mwingine. Mabaharia wa zamani wasingelishangaa kuisikia kanuni hii. Yatosha kwa hakimu anayetafuta mtu wa kujibu. Walakini kwa mwanahistoria haitoshi, kwa sababu haielezi ilikuwaje watu wawili au watatu wenye ujuzi, wakikaa bega kwa bega na vyombo mbele yao, wakapotea pamoja.

Mkasa wa kwanza unaotajwa sana katika mlango huu ni wa tarehe 27 Julai, 1955. Ndege ya El Al aina ya Constellation, ikitoka Vienna kwenda Istanbul na Tel Aviv, ilitoka katika njia yake ikaingia anga ya Bulgaria, ikapigwa na ndege za vita karibu na mpaka wa Ugiriki. Watu wote 58 waliokuwamo walikufa. Israel ikaipeleka Bulgaria mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya The Hague, na tarehe 26 Mei, 1959 mahakama ikaamua kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Basi wajibu wa marubani, na hata wajibu wa waliopiga, haukupata kupimwa na hakimu ye yote hapo, na mkasa huu umebaki kuwa wa historia ya sheria za madola zaidi ya kuwa wa historia ya marubani.

Wa mwaka 1973 una mengi zaidi ya kuangaliwa. Tarehe 21 Februari ya mwaka huo ndege ya abiria ya Libya, aina ya Boeing 727, ilitoka Tripoli, ikapita Benghazi, ikaelekea Kairo. Mchana ule palikuwa na dhoruba ya mchanga juu ya Misri. Rubani mwenye amri alikuwa Mfaransa, na mhandisi wa ndege alikuwa Mfaransa. Rubani msaidizi alikuwa Mlibya. Kwa sababu ya upepo na matata ya vyombo vya kuonyesha njia, ndege ikaupita mji wa Kairo bila wao kujua, ikavuka Mfereji wa Suez, ikaingia Sinai, ambayo tangu vita vya 1967 ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Israel. Ndege za vita za Israel ziliifuata zikaiashiria itue katika kiwanja cha kijeshi. Haikutua. Iligeuka kuelekea magharibi, ikapigwa, ikaanguka mchangani. Katika watu 113 walikufa 108.

Kinasa sauti kilichookotwa katika mabaki kilionyesha kwamba shaka juu ya mahali walipo iliingia katika chumba cha marubani mapema. Lakini shaka hiyo ilisemwa kwa Kifaransa, baina ya rubani mwenye amri na mhandisi, na kwa kadiri ijulikanavyo rubani msaidizi hakuwa mtu wa Kifaransa. Kwa waongozaji wa ndege wa Kairo ilitumika lugha ya Kiingereza, na kwa lugha hiyo shaka ilichelewa sana kutajwa. Wafaransa wawili walidhani kwamba ndege za vita walizoziona ni za Misri, na kwamba kiwanja kilicho chini yao ni kimojawapo cha viwanja vya kijeshi vya Kimisri, wasichopaswa kukitua. Kwa upande mwingine, rubani msaidizi, ambaye ni mmoja wa watu 5 waliookoka, aliripotiwa baadaye kusema kwamba walielewa kuwa Waisraeli wanawataka watue, ila kwa uadui uliokuwapo baina ya nchi mbili hizo wakaona ni afadhali wasiwafuate.

Habari hizi mbili hazikai pamoja. Imesemwa na wengine kwamba moja lazima iwe imepotoshwa, na huenda ni kweli. Lakini yawezekana pia kwamba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mwenyewe: kwamba katika chumba kile kimoja, kisichozidi ukubwa wa chumba cha kuwekea nguo, palikuwa na fahamu mbili, na kila mtu alikufa au aliokoka akiwa na yake. Kwa wanaochunguza lugha, iliyo ya kutazamwa zaidi ni nafasi ya yule Mlibya. Kiarabu, lugha ya nchi yake, ndiyo lugha ya Kairo pia. Kama palikuwa na mtu katika ndege ile wa kuuliza kwa maneno ya nyumbani, bila kutafuta neno la kigeni la kufunika aibu ya kupotea, alikuwa ni yeye. Naye ndiye aliyeachwa nje ya mazungumzo. Wajibu wa pamoja ulikuwapo katika karatasi, kwani kila rubani amefundishwa kumwangalia mwenziwe. Ila mtu hawezi kuiangalia shaka isiyotamkwa kwa lugha aisikiayo.

Miaka mitano baadaye ikaja habari nyingine. Tarehe 20 Aprili, 1978 ndege ya Korean Air Lines aina ya Boeing 707 ilitoka Paris kwenda Seoul kwa njia ya Anchorage, ikifuata njia ya juu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Katika nchi hizo dira ya sumaku haitegemeki, kwa kuwa kaskazini ya sumaku na kaskazini ya kweli huachana mno, na lazima ifanywe hesabu ya kuongeza au kupunguza tofauti hiyo. Ndege haikuwa na mitambo mipya ya kuonyesha mahali. Ilikuwa na mpima njia, mtu wa kazi hiyo hasa, yaani mwalimu kwa maana ile ya kale. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba tofauti ile ilihesabiwa kinyume, palipotakiwa kuongeza pakapunguzwa. Ndege ikapinda kwa duara kubwa, ikaurudia upande wa Ulaya, ikaingia katika rasi ya Kola, mahali penye kambi kuu za manowari za Urusi ya Kisovieti. Ikapigwa kombora, kipande cha bawa la kushoto kikakatika, na abiria 2 wakafa. Rubani akaitafutia mahali gizani akaishusha juu ya barafu ya ziwa Korpiyarvi, na watu 107 wakaokoka. Ustadi wa kuishusha hivyo haukanushwi na mtu.

Wenye serikali ya Kisovieti waliwaachilia abiria na watumishi wa ndege mapema, wakawazuia watu wawili tu: rubani mwenye amri na mpima njia. Rubani msaidizi hakuzuiwa. Wapelelezi wale, bila ya kujua lo lote juu ya vyombo vya Bahari ya Hindi, walikuwa wamemchagua nahodha na mwalimu! Baada ya siku chache wawili hao waliomba radhi wakaruhusiwa kwenda zao. Kwa kuwa Urusi haikuvitoa vinasa habari vya ndege hiyo, uchunguzi wa nje haukuweza kufika mbali. Hata hivyo swali moja linajitokeza lenyewe. Ndege ikigeuka kiasi kile, hata jua huhama dirisha. Makosa ya hesabu yalikuwa ya mtu mmoja, lakini madirisha yalikuwa ya wote. Inaelekea kwamba kuwapo kwa mjuzi kuliwapumzisha wengine. Kazi ilikuwa na mwenyewe, na mwenye kazi haulizwi.

Sasa yatazamwe yaliyompata shirika lile lile miaka mitano tena baadaye, na safari hii kiti cha mpima njia kilikuwa kimekwisha kuondolewa.

Ndege kubwa aina ya Boeing 747 zilipoanza kutumika mwaka 1970, mahali pa mpima njia paliwekwa mitambo mitatu, kila mmoja ukihesabu peke yake mahali ndege ilipo, bila dira ya sumaku wala nyota, kwa kupima kila mwendo wa ndege tangu ilipoondoka. Marubani hutia katika mitambo hiyo hesabu za mahali wanapoondokea na za vituo vyote vya njia, kisha hukabidhi usukani kwa mtambo wa kujiongoza. Katika chumba walibaki watu watatu: rubani mwenye amri, rubani msaidizi na mhandisi. Kazi ya kujua njia haikuwa tena ya mmoja wao. Ilikuwa ya watatu wote, kila mmoja akipaswa kusahihisha alichofanya mwenziwe.

Tarehe 31 Agosti, 1983, saa 7 mchana kwa saa za Greenwich, ambapo huko Alaska kulikuwa hakujapambazuka, ndege ya Korean Air Lines namba 007 iliondoka Anchorage kwenda Seoul, ikiwa na watu 269. Ilipangiwa njia ya kaskazini kabisa katika njia tano zilizovuka Pasifiki ya Kaskazini, njia ambayo mahali fulani ilikaribia anga ya Urusi kiasi cha kilomita 28 tu. Ramani za marubani zilikuwa na onyo kwamba atakayeingia huko aweza kupigwa bila kuonywa. Hapana basi awezaye kusema kwamba hatari haikujulikana.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Swichi ya mtambo wa kujiongoza ilikuwa na nafasi kadha. Katika nafasi moja ndege hushika uelekeo wa dira iliopewa na kwenda nao moja kwa moja. Katika nafasi nyingine hufuata ile mitambo mitatu, ikipinda kila inapopasa kupinda. Baada ya kuondoka ndege ilishika uelekeo wa digrii 245, na uelekeo huo haukubadilika tena mpaka mwisho. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika ripoti yake ya pili ya mwaka 1993, lilieleza kwamba ama swichi haikugeuzwa, ama iligeuzwa wakati ndege ilikwisha kutoka nje ya mstari wa njia kwa zaidi ya maili 7 na nusu za baharini, kiasi cha kilomita 14. Umbali huo ukipita, mtambo husubiri tu wala hauishiki njia, na taa ndogo huonyesha kuwa unasubiri. Ilikuwapo basi taa ya kutazamwa na watu watatu.

Dalili nyingine hazikukosekana. Ndege ilipofika usawa wa Bethel, kituo cha mwisho katika pwani ya Alaska, ilikuwa kiasi cha kilomita 23 kaskazini ya pale ilipotakiwa kuwa. Rada ya kijeshi ya Marekani iliiona, lakini kazi ya rada hiyo haikuwa kuwaonya wasafiri wa kiraia. Mbele zaidi, marubani waliposhindwa kuwafikia waongozaji wa Anchorage kwa redio ambayo wangaliweza kuwafikia lau wangalikuwa mahali pao, habari zao zilipelekwa na ndege ya shirika hilo hilo, namba 015, iliyoondoka nyuma yao kidogo. Mtu anayelazimika kutumia mdomo wa jirani kusema alipo ana haja ya kujiuliza kwa nini wake haufiki. Rada ya hali ya hewa iliyokuwa puani mwa ndege yaweza pia kuonyesha nchi kavu, nayo ingeliwaonyesha rasi ya Kamchatka mahali palipopasa kuwa bahari tupu. Na ile mitambo mitatu, ambayo ndege haikuwa ikiifuata, iliendelea kuhesabu kwa uaminifu: kila ilipofika usawa wa kituo, hata kwa mbali, ilitoa ishara kwamba kituo kimepitwa. Marubani wakatangaza vituo kimoja baada ya kimoja kama kwamba wako juu yake. Waliyoyasema redioni yalikuwa sahihi kwa saa, yakawa si sahihi kwa mahali.

Saa tano na dakika ishirini na kitu walikwenda hivyo. Walipita juu ya Kamchatka, wakatoka tena baharini, wakaingia Sakhalin. Sauti zilizonaswa katika nusu saa ya mwisho ni za mazungumzo ya kawaida ya watu wasiokuwa na wasiwasi wo wote. Karibu na mwisho waliomba Tokyo ruhusa ya kupanda mpaka futi 35,000, wakapewa. Kupanda huko kulipunguza mwendo, na rubani wa vita aliyekuwa nyuma yao aliona kuwa ni hila ya kumkwepa. Saa 12 na dakika 26 jioni kwa saa za Greenwich ndege ikapigwa kwa makombora, ikaanguka baharini karibu na kisiwa cha Moneron. Hakuokoka mtu.

Habari za waliopiga si maudhui ya makala haya, lakini haki yataka zitajwe. Usiku ule ule ndege ya upelelezi ya Marekani ilikuwa imepita karibu na Kamchatka, na walinzi wa Kisovieti waliichanganya hii na ile bila kujitahidi vya kutosha kuhakikisha. Gennadi Osipovich, rubani wa ndege ya vita aina ya Sukhoi, alilieleza gazeti la Izvestia mwaka 1991 kwamba risasi za onyo alizopiga hazikuwa za kuwaka, na hivyo hazikuweza kuonekana gizani. Vinasa habari vya ndege vilipatikana na Warusi baharini mwaka ule ule wa 1983, vikafichwa mpaka 1992, na kanda zake zikakabidhiwa kwa wachunguzi mwanzoni mwa 1993. Kwa muda wote huo wa kufichwa ilizuka kila namna ya dhana, hasa ile ya upelelezi, kwani ilikuwa vigumu kuamini kwamba watu watatu wenye ujuzi waliweza kutoona kwa muda mrefu hivyo. Kanda zilipofunguliwa dhana ya upelelezi haikupata msaada humo. Ripoti ya 1993 ilisema kwamba palikosekana fahamu ya mahali ndege ilipo, na palikosekana ushirikiano baina ya waliokuwa katika chumba cha marubani.

Mahakama nazo zilisema neno. Mwaka 1989 jopo la raia katika mahakama ya Washington liliamua kwamba mwenendo wa shirika la ndege ulikuwa ni wa kosa la kukusudia, na kwa uamuzi huo kikomo cha fidia kilichowekwa na Mkataba wa Warsaw wa 1929 kikavunjwa. Faini ya dola milioni 50 iliyotozwa juu ya fidia iliondolewa katika rufani mwaka 1991, lakini hukumu ya kosa ikabaki. Neno kukusudia ni zito hapa, na lina ugumu wake. Hapana aliyethibitisha kwamba mmoja wa watu wale watatu alikusudia kupotea. Hukumu ilikuwa juu ya shirika, na mlangoni mwa shirika watu watatu walihesabiwa kuwa mtu mmoja.

Kiswahili kina methali inayoonekana kwenda kinyume cha wazo la wajibu wa pamoja: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo kinachopigwa na mawimbi ubavuni, na methali yaonya juu ya amri nyingi zinazopingana. Ingefaa sana kama ndege ya 1983 ingeyumba. Haikuyumba hata kidogo. Ilikwenda imenyooka kama uzi kwa saa tano, kwa sababu hapana aliyempinga mwingine. Methali inaonya juu ya wingi wa wenye kuamuru, wala haisemi lo lote juu ya wingi wa wenye kuangalia, na wanaoitumia kutetea ukimya wa mdogo mbele ya mkubwa wanaitwisha mzigo usio wake. Katika chombo cha zamani mtu wa mbele, aliyepima kina kwa bildi, alipiga kelele za vipimo vyake bila kungoja kuulizwa, na nahodha hakuhesabu kwamba amevunjiwa heshima.

Jambo hili lilikwisha kuanza kufahamika kabla ya 1983, kwa mikasa isiyohusu anga iliyokatazwa. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kiwanjani wakakufa watu 583. Mhandisi wa ndege ya Kiholanzi, akiisikiliza redio, aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Rubani mwenye amri akamjibu kwa mkazo kuwa imeondoka, na mhandisi akanyamaza. Mwaka 1979 shirika la Marekani la NASA liliita mkutano juu ya namna marubani watumiavyo watu na vyombo vilivyomo katika chumba chao, na mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha marubani wake kwa mpango maalum: mdogo afunzwe kusema, na mkubwa afunzwe kusikia. La pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza.

Kwa upande wa madola mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Tarehe 16 Septemba, 1983 ilitangazwa kwa niaba ya Rais Reagan kwamba mitambo ya satelaiti ya Marekani ya kuonyesha mahali, iliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi, itakapokamilika itaachwa itumiwe na raia wa nchi zote bila malipo. Tarehe 10 Mei, 1984 Mkataba wa Chicago uliongezewa kifungu cha 3 bis, kinachozitaka dola zijizuie kutumia silaha juu ya ndege za kiraia zilizo safarini. Kilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Oktoba, 1998. Mwaka 1985 Marekani, Japani na Urusi ya Kisovieti zilipatana juu ya kupashana habari za ndege za Pasifiki ya Kaskazini. Katika hayo yote, rubani mwenye amri aliyetajwa katika Nyongeza ya 2 hakuguswa. Yu pale pale, mmoja, awe ameushika usukani au hakuushika.

Lakini ndani ya chumba watu walizidi kupungua. Aina mpya ya Boeing 747 iliyoingia kazini mwaka 1989 haikuwa na kiti cha mhandisi, na kazi iliyogawanywa kwa watatu ikawa ya wawili. Hapo ndipo lugha ya kazi ilipobadilika kwa namna inayostahili kuangaliwa na watu wa kamusi. Kwa miaka mingi, katika Kiingereza cha marubani, wawili hao walitajwa kwa kazi ya wakati ule bila kujali vyeo: mmoja rubani anayeendesha, na wa pili rubani asiyeendesha. Jina la pili lilikuwa ni kukanusha tu; lilieleza asilofanya, likamwacha bila kazi. Mwanzoni mwa karne ya 21 wakubwa wa usafiri wa anga wa Marekani walilibadili katika miongozo yao, na mashirika mengi yakafuata, wa pili akawa rubani anayeangalia. Rubani mwenye amri aweza kuwa huyu wa pili katika safari moja na yule wa kwanza katika safari nyingine, na anapokuwa wa pili ni wajibu wake kuangalia kama ambavyo ni wajibu wa msaidizi. Kiswahili cha magazeti hakijayapokea majina hayo. Bado husema rubani na rubani msaidizi, majina ya vyeo, hata pale habari yenyewe inapohusu nani alikuwa akiendesha na nani alikuwa akitazama taa.